Filimbi Ambayo Haikulia

Kericho, 9 Machi 2025

Mjomba Kebaso,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mama anakusalimu, anasema nikuambie dada yako Phelis bado yuko hai, kama ulikuwa umesahau. Magoti yanamsumbua lakini asubuhi anaingia shambani kuchuma chai kama kawaida, na jioni analalamika kwamba majani yamekuwa machache tangu jua la Januari. Dorcus amefanywa kiongozi wa kwaya ya vijana na sasa hatupumui hapa nyumbani. Hata ukioga, unaimbiwa.

Usishangae kuona barua siku hizi za simu. Daktari amenikataza kulazimisha sauti mpaka koo lipone, na hiyo kidogo iliyobaki ni kama ya jogoo mwenye mafua. Meseji najua husomi. Ulisema herufi za kasimu kako ni kama chawa. Metrine, yule anayeleta ndizi hapa kutoka Chepilat, amekubali kutubebea barua.

Kilichonifanya nishike kalamu ni hiki. Komiti inayochunguza ule moto wa kiwandani itakaa tarehe kumi na mbili mwezi wa sita. Wanataka nieleze jinsi vile vifaa vya kupumulia vinavyokaguliwa kila wiki, mwanzo hadi mwisho. Mimi nilikuwa mtu wa kuvaa na kuingia. Aliyekuwa akivikagua ni wewe, na wewe ndiye ulitufundisha sisi wote kuingia kwenye moshi na mtungi wa hewa mgongoni. Niandikie kila hatua. Hasa ile filimbi ya kuonya kwamba hewa inakaribia kuisha. Inapimwa namna gani? Nauliza tu nijue.

Janeffer, mke wa marehemu Kipchirchir, amerudi kazini. Juzi tulikutana kwenye foleni ya maji. Alichukua ndoo yake kabla haijajaa, akaenda.

Msalimie Anti Eucabeth.

Ni mimi mpwa wako,
Vinny


Chepilat, 2 Aprili 2025

Mpwa wangu Vinny,

Nakusalimu katika jina la Bwana aliyetulinda hata leo. Sisi tuko salama. Anti yako Eucabeth amefungua kibanda cha mboga hapa sokoni, na kazi yangu ni kukaa hapo kufukuza mbuzi. Mahindi tulipanda mapema, majirani wakatucheka, na sasa mvua imekuja ndio wao wanakimbia na majembe. Kanisani wamenipa tena uzee wa kanisa. Nilikataa, wakaniombea mpaka nikakubali. Mwambie mama yako sijamsahau. Mtu hasahau dada aliyemfinya masikio utotoni.

Barua yako ilichelewa kunifikia, unajua watu wa ndizi.

Sasa hayo uliyouliza. Kwanza waambie hao wa komiti waache kuita ile kitu mtungi wa oksijeni. Ni hewa tu, hii hii tunayovuta, imeshindiliwa. Ukikagua, unaanza na mtungi wenyewe: haujabonyea, haujaota kutu shingoni, na muhuri wa mwaka uliopimwa bado haujapita. Unafungua valvu yote, si nusu. Kuna wajinga wanafungua nusu ati wanahifadhi hewa. Unaangalia geji: sindano iwe kwenye kijani, juu kabisa. Ikipungua hata kidogo, mtungi unapelekwa kujazwa, hakuna kusema utafika kesho.

Halafu mikanda, kama imekatika au imekauka. Halafu mpira wa hewa, unaupinda taratibu uone nyufa. Halafu barakoa ya uso. Unaivaa, unaziba tundu kwa kiganja, unavuta pumzi: ikikushika usoni na kubaki imekushika, ni nzima. Ikiingiza hewa pembeni, tafuta sababu. Wewe unajua sababu yako ilikuwa nini. Ndevu zile ulizoziita za kisasa! Nilikunyoa mbele ya kikosi kizima na wembe wa shilingi kumi, na ukaninunia wiki mbili. Moshi hauulizi ndevu ni za kisasa au za kale, unapita tu. Baada ya kutumia, barakoa inaoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, inakaushwa kivulini. Ukianika juani mpira unakufa.

Na mwisho, watu wanaingia wawili na wanatoka wawili.

Hiyo ndiyo kazi yote. Ukieleza hivyo hakuna atakayekushinda kwa maneno. Kunywa maji ya moto na asali.

Mjomba wako,
Kebaso


Kericho, 13 Aprili 2025

Mjomba,

Barua nimeipata na tumecheka sana kwa hiyo ya ndevu. Mama amesema wewe ndiye uliyekuwa ukimfinya yeye, tena ana alama. Mvua imerudi, majani yamechipuka vizuri, na wachumaji wanarudi wamelowa mpaka mifupani.

Metrine anaapa kwamba barua yangu alikupa mkononi siku ileile, ulikuwa umeketi kibandani. Lakini hayo tuyaache.

Umeniandikia kurasa mbili na filimbi sijaiona mahali. Nimesoma mara tatu, nikampa Dorcus pia asome.

Wacha nikueleze vile ilikuwa ndani, kwa sababu hujawahi kuniuliza. Tuliingia mimi na Kipchirchir kwenye chumba cha kukaushia majani. Moshi ulikuwa mzito, ukiweka geji mbele ya macho huoni sindano. Tulikuwa tunategemea masikio. Kipchirchir alikuwa mtu mkubwa, na yeye ndiye alivuta mpira wa maji, kwa hivyo alikuwa anakula hewa kuliko mimi. Nilijua filimbi yake italia kwanza na tutatoka. Haikulia, Mjomba. Alinishika tu bega, akaanza kung'ang'ana na barakoa yake, akaanguka.

Najua ulitufundisha usivue barakoa yako kumpa mwenzako, mtakufa wawili. Nilivua. Nilitoa mtungi wangu wote mgongoni, nikamvisha barakoa yangu usoni. Nikamvuta nikashindwa. Nikaona nitoke nimletee watu. Nilitoka bila mtungi, na wote waliokuwa nje wakaona nimetoka bila mtungi, peke yangu. Waliomfikia walikuta ameshakata roho. Kwa moshi ule hawakuona barakoa ni ya nani; paa lilikuwa linashuka, wakambeba yeye tu, na vifaa vyote viwili viliungua humo. Hakuna kitu cha kushika mkononi niwaonyeshe.

Kilichobaki ni kadi ya ukaguzi. Imeandikwa Ijumaa tarehe kumi na saba Januari, siku nne kabla ya moto: filimbi zote sita zimepimwa, zinalia. Na sahihi.

Kwa hivyo komiti wanasema filimbi ililia, tukaipuuza, halafu nikatupa mzigo nikakimbia. Na kule Bomet alikozikwa Kipchirchir, hivyo ndivyo wanavyosema pia.

Filimbi inapimwa namna gani, Mjomba?

Vinny


Chepilat, 29 Juni 2025

Mpwa wangu,

Amani iwe nanyi. Nilikuwa mgonjwa. Malaria, halafu kifua. Halafu kulikuwa na makambi ya kanisa na mimi ndiye msimamizi wa mahema. Ng'ombe amezaa ndama jike, tumshukuru Mungu. Anti yako amemwita Bahati.

Najua komiti imeshakaa. Sikutaka kuandika mapema nikakuchanganya akili. Vinny, wewe ni kijana, una haraka ya kutaka kila mtu akuelewe. Watu watasema halafu watachoka. Hata mimi nilisemwa nilipostaafu, ati mbona ametoka na miaka miwili imebaki, na nikanyamaza. Yaliyopita si ndwele. Mambo ya komiti mwachie Mungu, yeye ndiye anaona ndani ya moshi.

Nakutumia asali kwa mkono wa Metrine. Ni ya kweli, haijachanganywa na sukari.

Mjomba wako,
Kebaso


Kericho, 20 Julai 2025

Mjomba,

Hatujambo. Asali imefika. Mama amekula zaidi yangu.

Komiti imeandika. Nimetolewa kwenye kikosi cha moto kwa kumtelekeza mwenzangu ndani. Tarehe ishirini na tano mwezi wa nane watakaa tena kuamua kama nafutwa kazi kabisa. Sasa nafagia ghala. Sifagii vibaya.

Waliniuliza kama nina shaka yoyote na ukaguzi wa Ijumaa ile. Nilisema sina.

Nilisema sina, na Ijumaa ile saa kumi na robo nilikuja stoo kurudisha glavu nikakuta umeshafunga na kufuli na kuondoka, na jua liko juu bado. Ukaguzi wa vifaa sita ulikuwa unaanza saa kumi. Mjomba, mimi nimelelewa na wewe tangu baba afe. Nilipotolewa hospitalini, sauti imeenda, kitu cha kwanza nilichofikiria ni kwamba sasa siwezi kukutaja hata nikitaka. Nikafurahi. Hebu ona ujinga huo.

Mama hajui. Anataka kuja huko kukuomba uje utoe ushahidi kwamba mimi si mtu wa kukimbia. Nimemzuia. Sitaweza kumzuia kila siku.

Mtoto wa Kipchirchir alinipungia mkono jana getini, mama yake akaushusha.

Sitakuuliza tena ile kitu.

Vinny


Chepilat, 23 Julai 2025

Vinny, mwanangu,

Leo sina salamu. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, na Eucabeth akaniuliza nani amekufa.

Filimbi inapimwa hivi. Unafungua valvu, hewa inajaa kwenye mipira, unafunga valvu. Halafu unaiachia hewa itoke polepole huku macho yako kwenye geji. Sindano inashuka, inashuka, na ikifika pale palipopakwa nyekundu lazima filimbi ilie, kali, mtu aliye chumba cha pili asikie. Isipolia, au ikilia kwa kukoroma, kile kifaa kinatolewa kazini siku hiyo hiyo. Nimekuwa nikilijua hilo kwa miaka kumi na tisa. Nimelifundisha kwa kelele. Na Ijumaa ile sikulifanya.

Unajua Ijumaa yetu. Jua likizama Sabato imeingia, na mimi mzee wa kanisa ndiye wa kufungua ibada, nimeoga, nimevaa tai. Nisipofika wataanza kunong'ona kwamba Kebaso anapenda kiwanda kuliko Bwana. Kwa hivyo kila Ijumaa nilikuwa nakimbizana na jua. Mwanzoni niliruka filimbi wiki moja. Nikaona hakuna kilichotokea. Nikaruka ya pili. Nikawa naangalia geji, navuta barakoa moja au mbili, halafu naketi na kujaza mistari yote sita ya kadi kwa mkono mmoja kama mtu anayeandika mahudhurio. Tangu Oktoba, Vinny. Tangu Oktoba sikupima filimbi hata moja, na kila Ijumaa niliandika kwamba zinalia. Mtu wa Mungu naandika uongo saa kumi ili niwahi kuomba saa kumi na mbili!

Na kuna mbaya zaidi. Mara ya mwisho nilipopima, mwezi wa tisa, ya Kipchirchir ilikoroma. Nilijua ni nini. Vile vifaa nilivitundika nje karibu na mlango wa chumba cha kuchekecha majani makavu, ili wageni wakija waone tumejiandaa. Unajua pale manyoya ya chai yanavyoruka, yale manyuzi mepesi yanayoshika hata kwenye kope. Yaliingia kwenye filimbi. Sanduku la kuvifunikia lilikuwepo, lilikuwa limejaa vitabu vyangu vya nyimbo. Nikasema wiki ijayo nitaisafisha. Haraka haraka haina baraka, nimewaambia watoto maneno hayo mara ngapi?

Nilikuwa nje siku ya moto. Ulipotoka bila mtungi na watu wakapiga kelele kwamba umeutupa, mimi peke yangu katika umati ule nilijua kwamba Vinny hawezi kutupa mtungi. Nilijua papo hapo. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Halafu nikastaafu. Nikaita uoga wangu kustaafu, na wewe nikakuandikia barua ya mvua na mahindi na ndama. Nilikuachia moshi wangu uuvute wewe mara ya pili.

Mficha uchi hazai. Jumatatu nakuja Kericho. Sitakuja kwenu kwanza. Naenda ofisini, natoa maelezo kwa maandishi na sahihi ile ile iliyo kwenye kadi. Wafanye watakavyo, hata kama ni polisi.

Nisamehe, mwanangu. Sijui kama neno hilo lina nguvu yoyote likiandikwa.

Kebaso


Kericho, 10 Agosti 2025

Mjomba,

Mama anasoma barua hii juu ya bega langu kwa sababu sasa anajua. Hali vizuri tangu Jumatatu uliyokuja. Anasema ulipita ukaenda ofisini na hukuingia kwake hata kunywa maji, na hajui kama anashukuru au anakasirika.

Mimi nimekasirika. Nilidhani nitafurahi. Wamenirudisha kikosini hata kabla ya kikao, na mkubwa wa komiti amenishika mkono mbele ya watu. Nimerudi nyumbani nikavunja kiti. Miezi sita, Mjomba. Ulikuwa unaniuliza habari za koo na unanitumia asali.

Mimi pia nina langu. Moshi ulipozidi ningemwambia tutoke, filimbi au hakuna filimbi. Sikumwambia, kwa sababu tulikuwa tumefunzwa kuiamini ile filimbi. Hilo nalibeba mwenyewe, sikupi.

Usiniombe msamaha kwa barua. Mimi ni mtu wako, nitakusamehe hata bila kutaka, siku moja nitaamka nikute nimeshasamehe. Nenda Bomet. Janeffer yuko huko kwa wakwe zake hadi mwezi uishe. Ofisi haijamwambia chochote, wanasema wanasubiri mawakili. Yeye ndiye hajui mume wake alikufa vipi.

Vinny


Chepilat, 24 Agosti 2025

Mwanangu Vinny,

Salamu kwa mama yako. Mwambie nilipita mlangoni kwake siku ile nikasimama, nikasikia anaimba jikoni, nikashindwa.

Bomet nimeenda. Alhamisi. Niliteremka mjini nikapanda boda boda hadi kwao, na njiani kijana wa boda aliniuliza kama naenda kuposa kwa sababu nilikuwa nimevaa suti. Boma ni safi. Kaburi liko upande wa juu wa chai yao changa, limezungushiwa maua. Baba yake Kipchirchir hasikii vizuri, kwa hivyo Janeffer alitoka kunipokea. Alinijua. Akanikaribisha ndani, akaenda jikoni kabla sijasema neno, kwa sababu kule mgeni haanzi kuongea na mdomo mkavu. Nilitaka kumwambia asihangaike. Unamwambiaje mtu asikupikie chai?

Akaleta kikombe, kimejaa, maziwa mengi. Akaketi. Nikamwambia yote, kama nilivyokuandikia, sikupunguza. Nilianza na Oktoba nikaishia na wewe kumvisha mumewe barakoa yako. Hakulia. Aliuliza swali moja, kisha lingine.

La kwanza alisema, "Kwa hivyo Vinny hakumwacha?"

Nikasema hakumwacha. Alimpa hewa yake yote, na hilo ndilo lililomla sauti. Akajifunika uso na leso, akakaa hivyo. Akasema amekuwa akimkataza mtoto wake kukusalimu tangu Februari. Alisema hivyo mara mbili, si kwangu, kwa hewa tu.

Halafu akafunua uso akaniuliza, "Kupima hiyo filimbi ni kazi ya muda gani?"

Vinny, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa hata kupigwa. Swali hilo sikujiandaa nalo. Nikamwambia dakika mbili.

Akaangalia kikombe changu. Akasema, "Dakika mbili. Hata hiyo chai haijapoa."

Nikashika kikombe nikashindwa kukiinua. Akasema, "Kunywa. Mtu hatoki kwangu bila kunywa." Nikanywa yote, imenichoma mpaka tumboni, na yeye ameketi ananiangalia nikinywa. Nilipomaliza alichukua kikombe, akanifungulia mlango. Akaniambia, "Mwambie Vinny aje. Aje amsalimie mtoto. Wewe usirudi."

Ujumbe nimeufikisha. Nenda Bomet Jumapili ijayo, mtoto atakuwa nyumbani.

Mjomba wako,
Kebaso